Fremu moja ya shiti za maonesho ya stempu, 1924–1956: shajara ya mradi

Shajara hii inafuatilia kazi moja: kujaza fremu moja, yaani kurasa 16 za A4, kwa shiti za ukumbusho zilizotolewa kwa ajili ya maonesho ya stempu yenyewe, pamoja na karatasi zilizozaliwa nazo: tiketi, lebo, katalogi, beji, bahasha zilizogongwa mhuri ukumbini. Naongeza maelezo kila hatua inapokamilika ili anayetaka kufanya kazi kama hii ajue pa kupita na pa kukwepa. Yaliyo ya kawaida nayapitia haraka. Yaliyoharibika nitakaa nayo.

Kwa aliye mgeni wa jambo hili: shiti ya ukumbusho ni karatasi ndogo yenye stempu moja au chache, na pembeni yake kuna pambizo pana lenye maandishi ya tukio linaloadhimishwa. Stempu zake hutumika kutuma barua kama nyingine zote, lakini watu wengi huihifadhi nzima.

12 Januari 2025: Kuweka mipaka

Mali ya kuanzia ni sanduku la mchanganyiko lililonunuliwa mnadani. Kuchambua kulikwenda vizuri: kibano, lenzi, katalogi, mafungu mezani, na kila kilichokuwa na rangi ya mhuri kikawekwa mbali na maji.

Kigumu ni kukataa. Shiti za maonesho ni nyingi mno, na kadiri miaka inavyosogea zinageuka mafuriko, kwa sababu nchi nyingi zilianza kutoa shiti kwa maonesho yanayofanyika katika bara jingine kabisa. Ukisema "nakusanya shiti za maonesho ya stempu" bila kuweka ukuta, hutamaliza na wala hutajua unachokitafuta. Ukuta wangu una pande tatu. Kwanza, shiti iwe imetolewa na nchi iliyoandaa maonesho hayo. Pili, naanza na Brussels 1924 na kuishia na FIPEX, New York 1956. Tatu, na hili ndilo moyo wa mradi: kila shiti iwe na shahidi wake, kitu kimoja angalau kilichotengenezwa kwa ajili ya maonesho yale au kilichokuwapo pale. Shiti bila shahidi haiingii kwenye ukurasa, hata ikiwa safi namna gani.

Orodha ya kufuata ni hii: Brussels 1924, Paris 1925, New York 1926, IPOSTA ya Berlin 1930, Chicago 1933, New York 1934, NABA ya Zürich 1934, OSTROPA ya Königsberg 1935, TIPEX ya New York 1936, PEXIP ya Paris 1937, CIPEX ya New York 1947 na FIPEX.

9 Februari 2025: Mpangilio wa nchi umeshindwa

Albamu nyingi hupangwa kwa nchi, na ndivyo nilivyopanga mwanzoni: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Ujerumani, Uswisi. Kurasa zilipendeza lakini hazikusema kitu. Ufaransa ilianza 1925 ikaruka hadi 1937, Marekani ikajaza nusu ya fremu, na Ubelgiji na Uswisi zikabaki na ukurasa mmoja mmoja bila jirani.

Nilizivunja zote na kupanga kwa mwaka wa tukio. Hapo hadithi ikajitokeza yenyewe. Mwaka 1924 Brussels inatoa shiti ya stempu nne za faranga 5. Mwaka 1925 Paris nayo inatoa shiti ya stempu nne za faranga 5, kwa mchoro wa zamani wa stempu uitwao Amani na Biashara. Mwaka 1926 New York inatoa shiti ya stempu 25 za senti 2, zenye picha ya vita vya White Plains, na pambizoni imeandikwa jina la maonesho na tarehe zake, 16 hadi 23 Oktoba. Miji mitatu, miaka mitatu mfululizo, wazo lile lile: mtembeleaji aondoke na karatasi ambayo maonesho yenyewe yameiandika. Mwaka huo huo wa 1926 ndipo lilipoundwa Paris shirikisho la kimataifa la wakusanyaji wa stempu, FIP, ambalo kanuni zake ndizo zitakazohukumu fremu hii mashindanoni. Kwa mpangilio wa nchi, mfuatano huu ulikuwa umefichwa.

Hasara ya hatua hii ni kurasa zilizokwisha kuchapwa, zote za kutupa. Ushauri wangu: panga kwa penseli kwenye karatasi za kawaida hadi mpangilio utulie, ndipo uchape.

16 Machi 2025: Mifuko laini ya plastiki nje

Shiti nyingi za lile sanduku zilifika ndani ya mifuko laini, ile yenye harufu ya mpira mpya. Hiyo ni PVC, na ulaini wake unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani. Mafuta hayo hayatulii. Baada ya miaka yanatoka, mfuko unanata, na karatasi inafyonza. Shiti mbili za FIPEX zilikuwa zimeshikana na mifuko yao hivi kwamba wino wa stempu ya senti 8 ulibaki kwenye plastiki nilipoufungua mfuko. Mfuko wa tatu nilijaribu kuuweka kwenye ubaridi ili ukakamae, ukafunguka, lakini gundi ya nyuma ilikuwa imeng'aa kwa mabaka. Hakuna dawa ya mabaka hayo. FIPEX ni shiti ya kawaida, nyingine ilipatikana kwa urahisi, lakini ingekuwa Paris 1925 ningelia.

Nilichobadilisha: kila kitu kimehamia kwenye mifuko migumu ya polyester, isiyo na harufu wala mafuta, na kati ya shiti na shiti kuna karatasi isiyo na tindikali. Mifuko inasimama wima kwenye sanduku. Ukiilaza na kurundika, uzito pamoja na unyevu hugandisha gundi. Ndani ya sanduku nimetia vifuko vya chembe za kufyonza unyevu, na navikausha vinapobadilika rangi.

Kwa anayepanga bajeti: vifaa hivi vimekula fedha nyingi kuliko shiti zote za Marekani za miaka ya 1930 hadi 1950 zikijumlishwa pamoja. Shiti hizo zilichapwa kwa wingi na zinapatikana kwa bei nafuu. Fedha ya stempu zenyewe imekwenda Paris 1925, NABA na IPOSTA. Kwa hizo nimechagua nakala zenye alama ya kibandiko (kikaratasi cha kushikizia stempu kwenye albamu) pambizoni badala ya nakala kamilifu. Stempu zenyewe hazijaguswa, na tofauti ya bei imenunua mashahidi.

27 Aprili 2025: Shiti zisizo na gundi

Hapa kuna mtego kwa kila anayeanza na Marekani. Shiti ya Chicago ya Agosti 1933, iliyotolewa kwa heshima ya mkutano na maonesho ya American Philatelic Society, chama cha wakusanyaji wa stempu cha Marekani, haina meno (matundu ya kuchania stempu) na haina gundi. Shiti ya Februari 1934, ya maonesho ya kitaifa ya New York, yenye stempu sita za safari ya mvumbuzi Byrd kwenda Antaktika, nayo ni vivyo hivyo. Mara nyingi huuzwa kwa maelezo ya "imeoshwa" na bei ikashushwa, au kibaya zaidi, mtu huipaka gundi mpya ili ionekane kamili. Shiti hizi zilitoka kiwandani zikiwa tupu nyuma. Nakala ya Chicago yenye gundi ndiyo ya kutilia shaka.

Moja iliyokuwamo sandukuni ilikuwa imepakwa. Nimeiweka pembeni kama mfano wa kufundishia na kutafuta nyingine tupu. Gundi ya kiwandani hulala sawasawa, lakini hii ukiiinamisha kwenye mwanga wa pembeni unaona michirizi ya brashi, na kwenye ukingo imevuka ikapanda unene wa karatasi.

1 Juni 2025: OSTROPA, na kuosha shiti kwa makusudi

Hatua niliyoiogopa kuliko zote. Shiti ya OSTROPA ilitolewa 1935 kwa maonesho ya Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad. Ina stempu nne za majengo ya Prusia Mashariki. Gundi yake ina tindikali ya salfa. Miaka inavyokwenda, tindikali inakula karatasi kutokea nyuma: kwanza madoa ya kahawia, kisha karatasi inakuwa kavu, kisha inavunjika. Kanuni ya kwanza ya kila mkusanyaji ni kwamba gundi ya asili isiguswe. Kwa shiti hii kanuni inapinduka. Ukiiacha gundi, utapoteza shiti, na ndiyo maana nakala zilizooshwa zinakubalika sokoni.

Nakala yangu ilikuwa na gundi yote, madoa machache, na pembe moja iliyokwisha kuanza kukakamaa. Sikutaka kujifunzia juu yake, kwa hiyo nilifanya jaribio kwa shiti ya kisasa ya bei ndogo. Likaharibika mara mbili. Kwanza, karatasi iliyolowa haiinuliwi kwa kibano: niliishika pembeni, uzito wa maji ukaivuta, ikachanika kwenye mstari wa meno. Pili, kipande kilichobaki nilikiona kimekauka juu nikakitoa mapema, kikajikunja na hakikunyooka tena.

Utaratibu uliofanya kazi ni huu. Chombo kipana na kifupi, maji baridi yaliyosafishwa. Shiti inalazwa juu ya ubao mwembamba wa plastiki uliotobolewa matundu, na ubao huo ndio unaoshushwa na kuinuliwa. Karatasi yenyewe haishikwi. Uso juu, gundi chini. Usisugue. Gundi huvimba, hulainika na kuachia yenyewe, maji yakigeuka manjano hafifu. Badilisha maji hadi yabaki meupe na nyuma ya shiti isiteleze tena ukiigusa kwa brashi laini. Kisha inainuliwa pamoja na ubao, inachuruzika, na kuhamishiwa kati ya karatasi za kufyonza. Karatasi hizo hubadilishwa mara kwa mara zinapolowa, na mwisho wa yote shiti inakaa chini ya kioo chenye uzito, bila haraka yoyote.

Kitu kimoja sikukitarajia. Ikiwa majini, shiti ilionyesha alama ya maji, yaani alama iliyotiwa ndani ya karatasi ilipotengenezwa, kwa uwazi ambao sijauona hata nikiiweka mbele ya taa: herufi za OSTROPA na mwaka 1935. Karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya maonesho yale, kama ilivyokuwa kwa IPOSTA miaka mitano kabla. Niliipiga picha hapo hapo, na picha hiyo ina nafasi yake kwenye ukurasa.

Madoa ya kahawia hayakuondoka. Sikutumia dawa ya kung'arisha na sishauri mtu atumie, kwa sababu dawa hiyo huacha tatizo jipya ndani ya nyuzi za karatasi. Pembe iliyokakamaa imelainika kidogo na haijavunjika. Chini ya shiti nimeandika: "Gundi imeondolewa kwa maji ili kuokoa karatasi." Jaji ana haki ya kujua, na mnunuzi wa baadaye vilevile.

Tahadhari: usioshe nakala yenye mhuri kabla ya kujaribu wino wake. Wino wa zambarau hasa hukimbia. Gusa ukingo wa mhuri kwa ncha ya pamba iliyolowa. Pamba ikichukua rangi, acha.

20 Julai 2025: Kutafuta mashahidi

Shiti za orodha zimetimia. Mashahidi ndio wagumu, na sababu yake iko wazi: shiti ilinunuliwa ihifadhiwe, tiketi ilichanwa mlangoni na kutupwa. Wauzaji wa stempu hawaziweki mbele. Nimezipata zaidi kwa wauzaji wa postikadi, vitabu vya zamani na beji, watu ambao hawajui kwamba kipande kile cha karatasi ni nusu ya pili ya shiti fulani.

Lebo ndizo zilizopatikana kwanza. Maonesho mengi ya kipindi hiki yalichapa lebo zinazofanana na stempu, zenye meno na gundi, za kubandika nyuma ya bahasha kama tangazo. Hazina thamani ya posta na katalogi nyingi za stempu hazizitaji, lakini mara nyingine uchapaji wake unaizidi shiti kwa uzuri.

Kilichonipa furaha kubwa ni karatasi ya lori. Mwaka 1939 posta ya Marekani ilituma lori la maonesho kuzunguka nchini, likiwapelekea watu wa miji midogo yale ambayo wakazi wa New York waliyaona ukumbini. Waliolitembelea walipewa karatasi ya ukumbusho yenye picha ya Ikulu ya Marekani, haina bei wala haifai kutuma barua. Kwa ukuta wangu wa mwanzo isingeingia, maana si shiti ya stempu. Nimeipa nafasi kama shahidi kati ya PEXIP na CIPEX, kwenye pengo la miaka ya vita, na huko ndiko inakostahili.

Hitilafu ya hatua hii imetoka kwenye vipande vya magazeti. Vingi vilikuja vimebanwa kwa pini na shiti au bahasha. Pini imeacha kutu, na karatasi ya gazeti, yenye tindikali nyingi, imeacha kivuli cha kahawia chenye umbo lake hasa kwenye katalogi ya TIPEX. Nimeondoa pini zote, magazeti yakapata sanduku lake peke yake, na kwenye fremu inakwenda nakala iliyochapwa upya. Kanuni za FIP zinataka nakala itofautiane na asili kwa ukubwa angalau asilimia 25 ili isidhaniwe kuwa ndiyo yenyewe. Nimezipunguza.

7 Septemba 2025: Bahasha ya 16 Oktoba

Muuzaji mmoja alileta bahasha yenye stempu ya White Plains iliyokatwa pamoja na kipande cha pambizo, mhuri wa New York, 16 Oktoba 1926. Kwa macho ilikuwa shahidi kamili: siku ya kwanza ya maonesho, na pambizo lenyewe linathibitisha tarehe.

Tarehe hiyo ndiyo iliyoivunja. Maonesho yalifunguliwa tarehe 16, lakini stempu ilitolewa tarehe 18. Hakuna barua iliyoweza kugongwa mhuri juu yake siku mbili kabla. Aliyeighushi alisoma pambizo, hakusoma historia ya stempu. Baada ya hapo mengine yalionekana upesi: chini ya lenzi wino wa mhuri ulikuwa umeishia kwenye ukingo wa stempu, na mstari ulioendelea kwenye bahasha haukukutana nao sawasawa. Bahasha imerudi kwa mwenyewe pamoja na maelezo, na fedha imerudishwa.

Tangu hapo nimetengeneza jedwali la tarehe mbili kwa kila tukio, ya kufunguliwa kwa maonesho na ya kutolewa kwa shiti, na nalitazama kabla ya kuitazama bahasha. Kwa TIPEX zinakutana, 9 Mei 1936. Kwa CIPEX hazikutani: maonesho yalifunguliwa 17 Mei 1947, shiti ikatolewa tarehe 19.

19 Oktoba 2025: Kurasa, maneno na alama

Kati ya madaraja ya mashindano nimechagua la filateli huria (filateli ni ukusanyaji wa stempu), kwa kuwa linaruhusu vitu visivyo vya posta, ilimradi vya posta visipungue nusu. Tiketi, beji na katalogi zinaingia bila ugomvi.

Kurasa za kwanza nilimwonyesha mkusanyaji mwenzangu aliyewahi kukaa meza ya majaji. Alisimama mbele ya ukurasa wa CIPEX akaniuliza, "Stempu yenyewe iko wapi hapa?" Maneno yalikuwa yameimeza shiti. Katika daraja nyingi za FIP uwasilishaji una alama 5 tu kati ya 100, na maarifa na utafiti 35, kwa hiyo nilikuwa nimemwaga utafiti wote kwenye ukurasa. Alichonionyesha ni kwamba utafiti huonekana katika uchaguzi wa vitu, na maneno huja kuziba kile ambacho jicho haliwezi kukiona.

Ukurasa wa CIPEX umebaki na sentensi mbili. Shiti ile inarudia sura za stempu mbili za Marekani za 1847, Franklin wa senti 5 na Washington wa senti 10, lakini kwa rangi nyingine: Franklin ya asili ni kahawia nyekundu, hapa ni bluu, Washington ya asili ni nyeusi, hapa ni kahawia ya machungwa. Msomaji akishaambiwa hayo anatazama shiti mwenyewe. Hahitaji wasifu wa Franklin.

Beji ya FIPEX ilikuwa nene kuliko nafasi iliyoachwa na kioo cha fremu. Nimetoboa dirisha kwenye kadibodi isiyo na tindikali, beji imelala ndani, na ukurasa umefunga. Zana ya kukatia iwe kali kweli, la sivyo kingo zinachanika.

30 Novemba 2025: Ilipofikia

Kurasa 14 zimekamilika. Mbili hazijakamilika, na nimeamua zisikamilishwe kwa lazima.

Ya kwanza ni NABA. Shiti ipo, ni safi, alama ya kibandiko iko juu pambizoni pekee. Shahidi hayupo. Nimepata katalogi moja ya maonesho hayo, lakini imekatwa kurasa za katikati na muuzaji anataka bei ya nzima. Nasubiri.

Ya pili ni Brussels 1924, ambako shahidi yupo, lebo nzuri yenye gundi yake, lakini shiti niliyoipata imepunguzwa pambizo kwa mkasi upande mmoja ili iingie kwenye albamu ya mwenyewe wa zamani. Stempu nne ni kamili. Mkusanyaji mwenzangu anasema niiweke hivyo hivyo na niandike ukweli chini yake. Mimi naona tukio linaloanzisha fremu nzima linastahili pambizo lake lote. Hii iliyokatwa inabaki kwenye ukurasa kwa sasa, imeandikwa "pambizo la kulia limepunguzwa", na ombi la nyingine liko kwa wauzaji wawili.

Jedwali la tarehe, vipimo vya madirisha ya kadibodi na mpangilio wa kurasa vitafuata pamoja na maelezo ya Januari.